Kabla mwarobaini haujaingia kwenye mzizi wa jino: namna ya kuipima dawa ya mmea

Kila wanafunzi wetu wa udaktari wa meno wanapochagua mada za utafiti, hakosi mmoja wa kunijia na mwarobaini. Mwingine huja na mti wa mswaki, mwingine na karafuu, hasa akiwa mtoto wa Pemba. Nawapokea wote kwa moyo mweupe, maana mimea haijaanza leo kuingia kwenye mfereji wa mzizi, ile njia nyembamba ya ndani ya mzizi wa jino inayobeba kiini chake. Gutaperka tunayozibia mfereji ni utomvu wa mti wa misitu ya Kusini Mashariki mwa Asia. Yujenoli tunayoikoroga na unga wa oksaidi ya zinki kupata simenti ndiyo ile inayotoka kwenye mafuta ya karafuu. Kwa hiyo siulizi kama mmea unafaa kwenye jino. Nauliza: mmea huu, kwa kazi ipi, kwa nguvu gani, na kwa dakika ngapi?

Haya ninayoandika ni kwa mwanafunzi, fundi sanifu wa maabara au daktari anayetaka kuijaribu dawa ya mmea kama maji ya kuoshea mfereji. Kama wewe unaumwa jino na umetafuta tiba ya nyumbani, nakuomba uende kliniki. Mfereji ulio na vijidudu uko ndani ya mzizi, na kusukutua kwa maji ya majani hakuufikii. Karafuu ukiibana kwenye tundu hutuliza maumivu kwa muda, kwa sababu yujenoli hutia ganzi kidogo, lakini uozo unaendelea chini yake.

Jua kwanza unashindana na nani

Maji ya kuoshea mfereji yana kazi zaidi ya moja. Yanaua bakteria, yanayeyusha mabaki ya kiini cha jino yaliyojibanza mahali faili, kile kisindano cha kukwangulia mfereji, haifiki, yanasafisha vumbi la dentini (sehemu ngumu ya jino iliyouzunguka mfereji) linalogandamana ukutani tunapopanua mfereji, na yanalainisha njia ya faili. Duniani kote bingwa wa kazi hii ni sodiamu haipokloraiti, kwa nguvu ya kati ya asilimia 0.5 na 6. Inaua haraka, na ndiyo pekee kati ya dawa zetu za kawaida inayoyeyusha nyama ya kiini. Ila vumbi la dentini hailiwezi. Hapo tunaleta EDTA, dawa inayonasa kalsiamu, ya asilimia 17 kwa dakika moja hivi. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua bakteria, ya asilimia 2 inaua vizuri na hubaki ikishika kwenye dentini, ila haiyeyushi kitu.

Sababu ya watu kutafuta mbadala naielewa. Haipokloraiti ikisukumwa ikapita ncha ya mzizi, mgonjwa hupata maumivu makali papo hapo, uso unavimba na ngozi inavilia damu. Ladha yake ni mbaya na inatoboa nguo. Na wagonjwa wanaijua harufu. Mama mmoja mtu mzima, nesi alipokuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano, aliniuliza, "Mwanangu, mbona panukia Jiki?" Nikamjibu, "Ni ya jamii hiyo hiyo mama, ila hii imepimwa, na tutakuwekea mpira isikudondokee kinywani." Akatikisa kichwa: "Na mwarobaini wote huu uliojaa mjini?" Swali lake ni la haki, na linastahili jibu lililopimwa.

Adui wa kumtumia kwenye vipimo ni bakteria aitwaye *Enterococcus faecalis*, kwa kifupi *E. faecalis*. Ndiye anayepatikana mara nyingi kwenye meno yaliyokwisha kuzibwa mizizi kisha yakaugua tena. Anavumilia njaa, anaingia kwenye vijitundu vya dentini, anajenga utando, na anastahimili ukali wa kalsiamu haidroksaidi, dawa inayoachwa ndani ya mfereji kati ya miadi, kwa kusukuma protoni ndani ya seli yake. Omba aina inayojulikana kwa namba ATCC 29212 (ATCC ni hazina ya Marekani ya bakteria wa utafiti), ili matokeo yako yalinganishwe na ya wengine. Baadaye ongeza bakteria uliowatoa kwa wagonjwa wa kwenu.

Mmea wenyewe

Usianze na unga wa sokoni. Hujui ni majani ya mwezi gani, yalianikwa wapi, na yamechanganywa na nini. Chuma mwenyewe, andika tarehe, mahali na sehemu ya mmea, kisha ubane tawi lenye majani na maua, ukaushe, ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya chuo kikuu, wathibitishe jina la kisayansi na wakupe namba. Walioko Kenya wana Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Bila namba hiyo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako.

Mwarobaini, *Azadirachta indica*: osha majani, yaanike kivulini penye upepo, usiyaanike juani. Yakiwa makavu hadi yanavunjika mkononi, saga.

Mti wa mswaki, *Salvadora persica*, unataka akili nyingine, na hapa wengi hupotea. Kitu chenye ukali ndani yake ni benzili isothiosayaneti. Ndiyo inayokuchoma ulimi ukitafuna mswaki mbichi wa mzizi. Haikai tayari yote ndani ya mti. Huzaliwa pale nyuzi zinapopondwa na kimeng'enya kikakutana na malighafi yake, na ikishazaliwa huruka hewani. Ukiukausha mzizi kwenye oveni yenye joto kali umekiua kimeng'enya. Ukiuchemsha, hali kadhalika. Basi uponde ukiwa mbichi, uuloweke hapo hapo kwenye chombo chenye kifuniko. Tena ujue mapema kwamba watafiti wa Uswidi, kwenye kazi iliyochapishwa 2011, walikuta kitu hicho kinawapiga zaidi bakteria wa Gram hasi, moja ya makundi mawili ya bakteria yanayotofautishwa kwa ukuta wa seli; jingine ni Gram chanya. *E. faecalis* ni Gram chanya. Mswaki unaweza kuwa mzuri mno kwa fizi na usiwe na makali hayo mfereji ulipo. Jiandae kwa matokeo hayo bila kununa.

Karafuu ni rahisi kuipata na ngumu kuitumia. Mafuta yake hayachanganyiki na maji, na sehemu kubwa ni yujenoli, ambayo ikiwa nzito huunguza seli hai. Utahitaji kitu cha kuyashikanisha na maji, kama Tween 80, na hicho nacho lazima kipimwe peke yake.

Kupata rojo

Chukua gramu 100 za unga, mimina lita moja ya ethanoli ya asilimia 70. Funga, weka gizani, tikisa mara kwa mara kwa siku tatu. Chuja kwa kitambaa safi, kisha kwa karatasi ya Whatman namba 1. Ondoa ethanoli kwa mashine ya kuvukizia inayozunguka, chini ya nyuzi 40. Kinachobaki ni rojo zito la kijani kilichoiva. Lipime uzito, maana unatakiwa kusema gramu 100 zimetoa gramu ngapi. Fanya pia chungu cha pili kwa maji matupu yaliyotoneshwa, kwa sababu ndicho kinachofanana na anachokunywa bibi nyumbani, na mara nyingi matokeo ya viwili hivi hayafanani kabisa.

Yeyusha rojo upate chupa mama, yaani dawa nzito ya kuanzia, ya miligramu 100 kwa mililita; DMSO, kiyeyushi cha kusaidia rojo liingie kwenye maji, isizidi asilimia 10. Pitisha kwenye kichujio cha maikromita 0.22. Hapa utatoka jasho: rojo la mwarobaini huziba kichujio. Lizungushe kwanza kwenye mashine ya mzunguko litue, uchuje maji ya juu tu, halafu ukaushe kiasi kidogo cha kilichopita na ukipime upya, maana si miligramu 100 tena. Hifadhi kwa nyuzi 4. Ile ya maji haikawii kuota ukungu. Tengeneza kidogo, tumia, mwaga.

Kipimo cha buchani

Kabla ya kugusa bakteria, nawapeleka wanafunzi buchani. Nunua robo ya steki isiyo na mafuta. Kata vipande vidogo vya uzito unaokaribiana, miligramu 50 hivi, kausha kwa karatasi, pima kila kimoja kwa mizani ya maabara. Tumbukiza kimoja kwenye mililita 5 za haipokloraiti, kingine kwenye dawa yako, kingine kwenye maji ya chumvi, vyote kwa nyuzi 37. Badilisha dawa kila dakika 10, na baada ya nusu saa toa, kausha, pima tena.

Kwenye haipokloraiti utaona povu jembamba likipanda, nyama ikigeuka nyeupe, kingo zake zikilegea na kuwa utelezi, maji yakichafuka. Kipande kinapungua machoni pako. Kwenye dawa yenye tanini nyingi nyama hukaza na kuwa nyeusi, vile vile tanini inavyoikaza ngozi kiwandani, na uzito haupungui. Baada ya hapo hakuna mwanafunzi anayeandika kwamba mwarobaini "unaweza kuchukua nafasi" ya haipokloraiti. Anaandika sentensi yenye kweli: dawa hii huenda ikasaidia baada ya haipokloraiti kumaliza kazi yake.

Nawasisitizia wenzangu kipimo hiki kwa sababu kazi nyingi zinaishia kwenye kuua bakteria tu. Kiini kilichooza kikibaki kwenye kona ya mfereji ni chakula, na bakteria watakaoingia baadaye watakikuta.

Pleti ya visima 96

Acha kipimo cha karatasi ya duara iliyolowa dawa juu ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria), au kitumie kwa kuchungulia tu. Duara kubwa lisiloota bakteria linaonyesha dawa iliyosambaa vizuri kwenye agari, si lazima yenye nguvu zaidi. Mafuta ya karafuu hayasambai kwenye agari yenye maji, na utayaonea.

Pleti hii ina mistari ya visima 12. Weka maikrolita 100 za mchuzi wa BHI, chakula cha kuoteshea bakteria, kwenye visima 10 vya kwanza vya mstari. Kwenye cha kwanza ongeza maikrolita 100 za chupa mama, changanya, hamisha 100 kwenda cha pili, hivyo hivyo hadi cha kumi, kisha mwaga 100 za mwisho. Andaa bakteria walingane na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa maji yenye bakteria), yaani kama milioni 150 kwa mililita, wapunguze mara 150 wafike milioni moja, na weka maikrolita 100 kwenye kila kisima. Sasa kisima cha kwanza kina miligramu 25 za dawa kwa mililita, cha kumi karibu 0.05, na kila kimoja kina bakteria 500,000 kwa mililita. Kisima cha 11 ni bakteria na mchuzi bila dawa. Cha 12 ni mchuzi mtupu. Hizo namba za dawa zinashika iwapo chupa mama yako bado ni 100. Kama kuchuja kumeipunguza, zipige upya.

Kwenye mstari mwingine weka dawa na mchuzi bila bakteria. Mstari huu ndio unaookoa kazi. Dawa ya mwarobaini ni ya kijani cha kahawia, na ikikutana na mchuzi wenye protini hutengeneza wingu. Asubuhi ukiinua pleti kwenye mwanga, kisima kisicho na bakteria hata mmoja kinaonekana kimechafuka kama chenye bakteria tele. Kwa macho peke yake utadanganyika. Baada ya saa 24 kwa nyuzi 37 ongeza kidogo rangi iitwayo resazurini. Bakteria hai huigeuza kutoka bluu kuwa ya waridi. Lakini mimea mingi ina vitu vinavyoweza kuigeuza resazurini vyenyewe, ndiyo maana mstari usio na bakteria lazima uwepo. Ukigeuka waridi nao, rangi haikufai; otesha kwenye agari uhesabu. Weka na mstari wa DMSO peke yake kwa nguvu ile ile. Kwenye kisima cha kwanza itakuwa asilimia 2.5.

Kujua kama dawa imeua au imezuia tu, chukua maikrolita 10 kutoka kila kisima chenye dawa, kabla hujaweka rangi, udondoshe kwenye agari. Mwanzo tone hilo lilikuwa na bakteria 5,000. Zikiota koloni 5 au pungufu, umeua asilimia 99.9.

Soma namba zako kwa haki. Kwa rojo ghafi, kuzuia chini ya miligramu 0.1 kwa mililita ni nguvu ya kutia moyo. Kuzuia kuanzia 1 kwenda juu ni udhaifu, hata kama takwimu zako zinasema tofauti ipo. Na ukihitaji miligramu 25, umepata dawa nzito ya rangi ambayo itapaka dentini na kuziba sindano nyembamba.

Saa 24 si dakika tano

Ndani ya pleti bakteria wamelala na dawa usiku kucha. Ndani ya mfereji dawa inapita dakika chache. Kwa hiyo pima kwa muda: changanya dawa na bakteria, chota baada ya dakika 1, 5, 10 na 30, ipoze makali, punguza, otesha, hesabu. Haipokloraiti inapozwa kwa sodiamu thiosalfeti. Dawa ya mmea haina mpoza mmoja, basi ipunguze vya kutosha, na uthibitishe kwa kuweka bakteria wachache kwenye kiasi kile kile kilichopunguzwa: wakiota, dawa haijaendelea kuua kwenye agari.

Jambo jingine la haki ni haipokloraiti yenyewe. Joto na mwanga vinaiua. Chupa iliyokaa dirishani miezi kadhaa Dar es Salaam haina tena nguvu iliyoandikwa, na dawa yoyote itaishinda. Nunua mpya isiyo na manukato, weka kwenye chupa nyeusi, na ipime klorini siku ya kazi: iodidi ya potasiamu, asidi, kisha thiosalfeti kwa matone na wanga mwishoni, hadi bluu ipotee. Nikisoma ripoti isiyo na kipimo hiki, siamini ushindi wa mmea uliomo.

Kwenye jino

Meno yaliyong'olewa ni ya watu. Pata kibali cha maadili na ridhaa ya mwenye jino, hata kama lingetupwa. Yenye amalgamu (kizibo cha madini chenye zebaki) yaache, kwa sababu yakiingia kwenye autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa joto, hutoa mvuke wa zebaki.

Chagua yenye mzizi mmoja ulionyooka, hakikisha kwa eksirei. Kata taji, mizizi yote ibaki na urefu mmoja. Panua hadi saizi moja, safisha kwa haipokloraiti kisha EDTA, suuza kwa maji mengi, ziba ncha kwa rezini, peleka autoklevu. Kuziba ncha si urembo. Jinoni mwa mtu mfupa umeziba ncha, hewa hunaswa pale chini, na dawa inayofika kwa urahisi kwenye mzizi uliotoboka pande zote huenda isifike kabisa kwa mgonjwa.

Pandikiza bakteria, subiri siku 21, badilisha mchuzi kila baada ya saa 48, na kila unapobadilisha hakikisha hujaingiza mgeni: paka kidogo kwenye slaidi, otesha kidogo kwenye agari ya nyongo na eskulini, ambayo *E. faecalis* huifanya nyeusi. Kisha osha kila kundi kwa ujazo uleule na muda uleule, sindano ya geji 30 yenye tundu la pembeni, milimita 1 hadi 2 kabla ya ncha, isibanwe ukutani. Makundi yasipungue manne: maji ya chumvi, haipokloraiti, klorheksidini, dawa yako. Chukua sampuli kwa vijiti vya karatasi, halafu kwangua dentini yenyewe, maana waliojificha vijitunduni hawatoki kwa karatasi. Anayehesabu koloni asijue ni kundi gani.

Usisahau kutazama rangi. Pasua mzizi kati, piga picha. Kwa jino la mbele, mzizi uliopakwa kahawia ni sababu tosha ya kuikataa dawa.

Ukitaka kwenda mbele

Usalama haupimwi kwa neno "asili". Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Peleka dawa yako kwenye seli za fizi zilizooteshwa, kwa nguvu ile ile inayoua bakteria; kama inaua seli sawasawa na haipokloraiti, sababu yako kuu ya kuitafuta imekwisha. Kabla ya mgonjwa yeyote, Tanzania kuna kibali cha taifa cha maadili kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na dawa ya kujaribiwa kwa binadamu inapitia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Ninapoona nafasi ya kweli ya mimea ni mwishoni mwa kuosha. Haipokloraiti huacha oksijeni ukutani mwa dentini, na simenti za rezini za kuzibia mfereji hazishiki vizuri hapo. Vitu vinavyopambana na oksijeni hiyo, kama askobeti (chumvi ya vitamini C) na dawa ya mbegu za zabibu, vimejaribiwa kwenye meno yaliyong'olewa na kurudisha mshiko. Mimea yetu yenye tanini inastahili kujaribiwa kwa kazi hiyo. Mpangilio uwe huu: haipokloraiti, maji, EDTA, maji tena, dawa ya mmea, maji, kausha, ziba. Usiikutanishe na haipokloraiti moja kwa moja, kwa sababu zinauana nguvu. Na kama simenti yako ni ya rezini, mafuta ya karafuu yakae mbali na hatua hiyo, maana yujenoli huzuia rezini kuganda.